Mji wa Mama Mwenye Nyumba

Mume wangu ndiye aliyesikia kwanza. Ilikuwa Jumapili ya majira ya baridi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na hatukuwa tumekaa Toronto hata mwaka mmoja. Tulikuwa tumepanga vyumba vya chini katika nyumba ya mjane mmoja Mreno, upande wa magharibi wa jiji, mtaa ambao muuza mkate, muuza nyama na kinyozi wote walikuwa Wareno. Binti yetu, aliyekuwa bado hajaanza shule, alikuwa amelala. Mimi nilikuwa nakanda unga wa chapati. Mume wangu akainua kidole kuelekea darini.

"Hebu sikiliza," akaniambia. "Huko juu wanacheza karata."

"Na wacheze."

"Hapana, sikiliza wanavyosema."

Nikaacha kukanda. Viti vilikuwa vikikwaruza sakafu, watu wazima wakibishana, kisha mwanamke akapiga kiganja mezani na kupaza sauti: "Trunfo!"

"Kasema turufu," mume wangu akanong'ona. "Wallahi kasema turufu."

Nikamwambia amesikia vibaya. Sisi ni watu wa Mombasa, tumezaliwa na kukulia Mji wa Kale sote wawili, na turufu kwetu ni neno la barazani, la wazee wanaocheza karata baada ya sala ya alasiri. Mreno atalijulia wapi? Lakini hakutulia. Mara akasikia kopa. Mara akasikia kitu kilichofanana na shupaza. Mwishowe akavaa shati safi, akachukua sahani ya mahamri niliyokuwa nimepika asubuhi, akapanda ngazi.

Hakurudi mpaka magharibi, na aliporudi alikuwa anacheka peke yake. Aliwakuta wazee watatu wakibishana jinsi ya kucheza bila wa nne wao, ambaye kikohozi kilikuwa kimemrudisha nyumbani. Kireno yeye hakijui, na Kiingereza chao kilikuwa cha kuokoteza. Akavuta kiti, akachukua karata yenye moyo mwekundu, akasema, "Kopa."

"Copas," wakamjibu, wakimtazama.

Akainua nyingine. "Shupaza."

"Espadas!"

Uru wakaiita ouros. Pau ikawa paus, karibu neno lilelile. Mzee mmoja mwenye sharubu nyeupe akapiga ishara ya msalaba. Walipoanza kucheza wakagundua kwamba hata sheria zilikuwa zinafanana, kwamba kwao kama kwetu saba humpiga mfalme. Wakamuuliza nani alimfundisha.

"Baba yangu."

"Na baba yako?"

"Babu yangu."

"Na babu yako?"

Hapo mume wangu akainua mabega tu. Lakini mama mwenye nyumba alikuwa ameshaondoka mezani. Alirudi na bakuli la zeituni na samaki wa kukaanga, akamwambia kwamba Jumapili ijayo kiti ni chake.

Hivyo ndivyo tulivyopata ndugu Toronto. Mama mwenye nyumba alikuwa mfupi, mwenye mikono minene ya mtu aliyesafisha maofisi ya katikati ya jiji maisha yake yote, na tangu afiwe na mumewe alivaa nguo nyeusi tu, isipokuwa herini za dhahabu. Mimi nilimwita Mama. Binti yetu alimwita Bibi, naye akalipenda jina hilo hata akawa anajitambulisha nalo kwa majirani. Tulikuwa tunakaa jikoni kwake tukigusa vitu na kuvitaja. Akigusa meza anasema mesa. Nikimwonyesha kasha anasema caixa. Siku nilipotandika kitanda nikataja foronya, ambayo kwao ni fronha, akaivua kutoka kwenye mto, akaenda nayo juu kumpigia dada yake simu ng'ambo.

Jumapili moja asubuhi alitoka amevaa koti lake zuri na kibeti mkononi. Mume wangu alikuwa anachota theluji mlangoni.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Igreja," akajibu, na kuelekeza kichwa upande wa kanisa.

Mume wangu akaegemea koleo na kucheka. Mama akasimama. Hakuwa mtu wa kuchekewa kanisa lake.

"Unacheka nini?"

Ikabidi nitoke na mimi nisaidie kueleza. Tukamwambia kwetu kuna ngome kubwa ya mawe iliyojengwa na Wareno juu ya bahari, na ndani yake walikuwa na kanisa lao. Wareno wakaondoka, wakaja wengine, ngome ikageuzwa mahali pa kufungia wahalifu. Inasemekana neno likabaki palepale, maana yake ndiyo iliyohama. Basi leo kwetu gereza ni jela.

Alifikiri kidogo. "Kwa hiyo kila Jumapili nakwenda jela?"

"Na unarudi mwenyewe," mume wangu akasema.

Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, juu ya theluji, na koti lake zuri. Baadaye alituambia alimsimulia padri, na padri alicheka kuliko yeye.

Katika haya yote aliyefaidika zaidi ni binti yetu. Alikuwa kama watoto wengi wanaokulia kule: ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, lakini anakujibu Kiingereza. Nilikuwa nimeshindwa na nasaha, nimeshindwa na vitisho. Mama mwenye nyumba hakujua kwamba kuna jambo la kushindwa. Yeye alitaka tu mtu wa kushindana naye maneno, na mtoto akaona raha kuwa na lugha ambayo bibi wa Kireno anaitaka kwa udi na uvumba. Alipofika darasa la nne alikuwa anakaa kwenye meza ya karata na wazee, anahesabu pointi kwa Kiswahili, na mzee mwenye sharubu anamjibu "tisini na moja" kwa lafudhi ya kuchekesha.

Kila kiangazi Mama alikwenda kwao Ureno kwa sikukuu ya mtakatifu wa mji wao. Mwaka binti yetu alipotimiza kumi akatuambia, mwaka huu tunakwenda sote, nyumba ya dada yake ina vyumba vitupu. Tulikuwa tumeshakuwa raia, pasi tunazo, na mume wangu alikuwa na likizo aliyoilimbikiza. Nikampigia mama yangu Mombasa kumwarifu.

"Ureno?" akasema. "Ureno kwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Wakikuuliza watu wa wapi, usiwaambie."

"Kwa nini?"

"Wasije wakarudi tena."

Alikuwa anatania, lakini si utani mtupu. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa hatua chache tu kutoka ile ngome. Tulicheza kwenye kivuli cha kuta zake, tukapanda juu ya mizinga, na shuleni tukafundishwa jinsi mji wetu ulivyochomwa moto. Ndege ilipokuwa inashuka Lisbon nilitazama mapaa mekundu chini na nikajisikia kama mtu anayekwenda kumtembelea jirani mkorofi aliyehama zamani, kuona anaishije.

Mji wa Mama ulikuwa mdogo, umeng'ang'ania kilima kando ya mto. Vichochoro vilitandikwa mawe yaliyolainishwa na miguu, vyembamba kiasi cha watu wawili kupishana kwa mabega. Mbayuwayu walikuwa wamejenga chini ya kila roshani. Nguo zilianikwa kutoka dirisha hili hadi lile la ng'ambo, na wanawake waliegemea madirishani wakizungumza juu ya vichwa vyetu. Nikasimama. Mume wangu akasimama vilevile.

"Hapa ni kwetu," akasema. "Imekosekana harufu ya mkojo wa paka tu."

"Ipo," binti yetu akasema kwa Kiswahili, akiziba pua. Ilikuwepo kweli.

Asubuhi ya pili nilijifunga leso kichwani kabla ya kutoka. Hatukufika kona. Mabibi wawili waliokuwa wamekaa kwenye viti nje walinivuta, wakakishika kitambaa, wakakigeuza nyuma na mbele. Mmoja alikuwa amefunga chake kichwani, cheusi. Akakigusa akasema lenço. Mimi nikagusa changu nikasema leso. Waliniita niseme tena. Kisha wakaita shoga yao kutoka ndani aje asikie, na yeye akaita wa kwake. Nililisema neno hilo mpaka likaanza kupoteza maana, na asubuhi hiyo hatukufika popote.

Mtu aliyetutembeza mji alikuwa mwalimu mstaafu, rafiki wa Mama tangu utoto, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kiingereza chake kilikuwa cha pole na safi. Alitupeleka kwanza kwenye ukuta wa ofisi ya mji, ambao wote umefunikwa vigae vyeupe vilivyochorwa picha za buluu: merikebu, mawimbi, wanaume wenye ndevu.

"Wanaume wa mto huu," akasema, akinyoosha mkono kama yuko darasani, "walikwenda mpaka kwenu."

"Najua," nikamjibu. "Walikuja na mizinga. Wakauchoma mji wetu."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lilitoka tu. Mwalimu akashusha mkono. Mama mwenye nyumba akanitazama.

"Waliuchoma?" akauliza. "Mji wenu wewe?"

"Wetu. Zaidi ya mara moja."

Akageukia ile picha ya buluu, akawatazama wale wanaume wenye ndevu mmoja mmoja, kama anayetafuta uso anaoujua. "Ukoo wangu haumo hapa," akasema hatimaye. "Babu yangu alikuwa na mbuzi, na maji aliyaogopa."

Mwalimu akakohoa. Akavua miwani, akaifuta. "Shuleni nilifundisha picha hii kila mwaka," akasema taratibu, "na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuniambia hilo. Je, hawakuacha kitu kingine chochote?"

"Waliacha karata," mume wangu akasema.

Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka. Tukacheka sote pale mbele ya vigae, na mimi nikahisi kifua kimefunguka, maana nilikuwa nimelisema na hakuna aliyelipinga. Tangu hapo alikuwa haniambii jambo la mji wao bila kuniuliza la mji wetu. Alitaka kujua mawe ya ngome yalitoka wapi, nani alikuwa fundi, na watoto wa siku hizi wanacheza mchezo gani pale nje.

Tukashuka mpaka mtoni. Kwenye kona ya nyumba ya mwisho, katika jiwe la pembeni, kulikuwa na mistari iliyochongwa, mmoja juu ya mwingine, na kila mmoja una mwaka wake. Binti yetu akasimama kuipima. Mmoja ulimfika kiunoni. Mmoja ulikuwa juu ya kichwa cha baba yake, na huo ndio uliochongwa kwa kina kuliko yote.

"Kila mstari ni mafuriko," mwalimu akasema. "Maji yalifika hapo."

"Twendeni tukale," Mama akasema ghafla. "Supu inapoa."

Binti yetu alimkazia macho. Kuna jambo alikuwa ameliona tangu tulipofika, ambalo sisi wakubwa tulilipita tu: kila mzee aliyemkumbuka Mama njiani alitamka jina fulani moja na kutabasamu, na kila mara Mama alikaza mwendo. Akamvuta mwalimu mkono.

"Wanamwitaje Bibi?"

Mwalimu akamtazama Mama. Mama akafunika uso kwa viganja vyote viwili, na kwa muda sikujua kama analia.

"Mwambie," akasema kutoka nyuma ya vidole. "Mwambie tu. Nimechoka kujificha."

Basi mwalimu akasimulia. Mama alikuwa na umri kama wa binti yetu pale mto ulipopanda mpaka ule mstari wa juu. Watu walikuwa wakitolewa kwa mashua. Bibi yake Mama alikataa kutoka kwa sababu nguruwe wao jike alikuwa karibu kuzaa, na hakuwa tayari kumwacha afe maji. Baba yake alibembeleza, padri akabembeleza. Mwishowe wanaume wakaona njia ni moja tu: wakamsukuma yule nguruwe, wawili mbele na watatu nyuma, kwenye ngazi za mawe mpaka ghorofani, wakamwingiza chumba cha kulala. Maji yakapanda yakafunga mlango wa chini. Asubuhi mashua zilipopita, mji mzima ukaona kwenye roshani bibi amekaa na shali yake, na pembeni yake kichwa cha nguruwe kikitazama mto.

"Akazaa kitandani," mwalimu akamalizia. "Na ukoo huu mpaka leo tunauita Wale wa Nguruwe."

Mume wangu alikuwa ameuma ncha ya kola yake asicheke. "Nguruwe kitandani," akaninong'oneza, "na sisi ndio tunaolala nyumba hiyo." Nikamkanyaga mguu.

"Nilipokwenda Kanada," Mama akasema, "nililia kwa kumwacha mama yangu. Lakini nilipofika na kuona hakuna mtu anayelijua jina hilo, nililala vizuri. Wale wa karata hawajui mpaka leo."

"Watoto wa nguruwe walipona?" binti yetu akauliza. Hilo tu ndilo lililomhusu.

Mama akaondoa viganja usoni. "Wote. Na ndio waliotulisha, maana mahindi yalichukuliwa na maji."

"Basi bibi yako alifanya vizuri."

Mama alimgeukia mtoto. Sidhani kama katika maisha yake yote kuna mtu aliyewahi kulitazama jambo lile upande huo.

Binti yetu akataka kuiona roshani. Nyumba ile ya mafuriko haikuwa ile ya dada yake Mama tulimofikia, na mume wangu alishusha pumzi alipojua. Ilikuwa imeshauzwa kwa kijana mmoja na mkewe. Walitufungulia, wakatupandisha zile ngazi za mawe, na Mama akatoka kwenye roshani, akashika chuma cha ukingo kwa mikono miwili. Chini kichochoroni watu walikuwa wameshaanza kusimama. Mzee mmoja mwenye fimbo akamtambua. Akaweka fimbo ukutani, akaweka viganja mdomoni, akakoroma kama nguruwe.

Nilidhani Mama atarudi ndani. Badala yake akavuta pumzi, akainama juu ya chuma, akamjibu kwa mkoromo mkubwa zaidi. Kichochoro kizima kikalipuka. Madirisha yakafunguka, wanawake wakapiga makofi, binti yetu akajiunga na mkoromo, na Mama pale juu anacheka na machozi yanamtiririka.

Siku za sikukuu zilikuwa za bendera na tarumbeta. Mama alizunguka kwenye meza ndefu za uwanjani akitulinda: hiki kina nyama ya nguruwe, hapana, huyu ni samaki, kuleni, hiki kina mvinyo, kiondoeni. Alikuwa akiwaeleza wote kwa fahari kwamba ukoo wa nguruwe umeleta wageni wasiokula nguruwe. Binti yetu alikaa na wazee wa mji kwenye karata, akawapiga kwa saba ya shupaza, na akipiga alisema turufu kama tunavyosema kwetu. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Tuliporudi Toronto, Mama aliwasimulia wenzake wa karata mwenyewe, Jumapili ya kwanza kabisa, na wakachelewa kuanza kucheza. Lakini aliyebadilika zaidi ni binti yetu. Hakupita tena mahali bila kuuliza palikuwaje zamani. Karibu na kwetu kuna bustani yenye bonde kubwa kama bakuli, ambamo watoto huteleza kwenye theluji, na kando yake nyumba kadhaa zimeinama. Akaniuliza kwa nini. Nilikuwa nimepita pale miaka yote, nikamwambia ardhi iliumbwa hivyo. Hakuridhika. Akamuuliza mzee mwenye sharubu.

"Palikuwa na mto," mzee akamwambia. "Jiji likauzika. Wakauweka ndani ya bomba kubwa, wakafukia bonde. Hata daraja wakalifukia zima zima. Mimi nilipofika kijana nililipita kwa miguu, na chini kulikuwa na miti. Sasa liko chini ya lami."

"Mto bado upo?"

"Kasikilize mvua ikinyesha."

Ilinyesha vuli, Jumamosi asubuhi, mvua ya haja. Ilipopungua tukatoka sote, na Mama na makubazi yake ya nyumbani na mwavuli, mpaka kwenye kifuniko cha chuma katikati ya mtaa ule ambao mzee alitutajia. Mume wangu alisimama kuzuia magari. Binti yetu akapiga magoti, akaweka sikio kwenye matundu. Mama naye akashuka polepole, akashikilia bega langu, akainamisha kichwa.

"Unapita," binti yetu akasema. "Mama, unapita! Njoo usikie!"

Nikapiga magoti kwenye lami iliyolowa. Ulikuwa mbali chini, mzito, haukatiki. Dereva mmoja akateremsha kioo akauliza kama kuna mtu ameumia.

"Hapana," mume wangu akamwambia. "Zima injini kidogo, tafadhali."

Akaizima.